SILI NYEPESI ZA INJINI: FAIDA NI YA NANI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa magereji na madereva)



Wengi wenu mmetuomba tuseme juu ya sili za injini, hasa hizi ambazo wauzaji wanaziita sili za msuguano mdogo. Watu wanaambiwa kwamba zikitiwa katika motokaa, basi motokaa itapata nguvu zaidi na itakunywa petroli kidogo. Madereva wanataka kujua kama ni kweli. Mafundi nao wana swali jingine lenye uchungu zaidi, nalo ni hili: kwa nini sili hizi zikivuja wao ndio wanaokatwa mshahara? Maswali haya mawili twayajibu pamoja, kwani yamefungamana.

Tuanze na sili yenyewe, kwa ajili ya wale wasioshika spana. Krenki ya injini inatokeza nje pande mbili. Mbele inashika puli, na nyuma inashika flaiwili na klachi. Ndani ya injini mna mafuta, na huko nje mna vumbi, tena mna klachi isiyotaka mafuta hata tone moja. Basi mahali krenki inapotokea lazima pawe na kitu cha kuyazuia mafuta, na kitu hicho lazima kiiguse krenki inayozunguka bila kuikwamisha. Hicho ndicho sili. Ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, na mpira huo una mdomo mwembamba unaoibana krenki pande zote. Nyuma ya mdomo mna springi ndogo ya mviringo mfano wa mkufu, kazi yake ni kuukaza mdomo usilegee.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Injini nyingi za Perkins za matrekta, na hata za motokaa za fahari kama Jaguar, zilizuiwa mafuta nyuma kwa kamba ya asbesto iliyopakwa grafaiti. Huko Ujerumani, katika mji wa Weinheim, kiwanda cha Freudenberg ambacho kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi kilianza kutengeneza pete za ngozi za kuzuia mafuta, na katika miaka ya 1930 mhandisi wao Walther Simmer akaipa pete hiyo umbo tunalolijua. Mpaka leo mafundi wa Ujerumani wanaiita Simmerring. Baadaye ngozi ikaacha nafasi kwa mpira wa viwandani, na mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani ikatoa mpira unaoitwa Viton, unaostahimili joto kuliko mpira mweusi wa kawaida. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na Teflon, iliyogunduliwa kwa bahati na Roy Plunkett mwaka 1938. Teflon ndiyo inayotumiwa katika nyingi za sili tunazozisema leo.

Hapa tusimame kidogo. Wenzetu mnaofungua matrekta ya zamani huko mashambani, mkikuta kamba ile nyuma ya krenki, msiipulizie upepo wa kompresa, wala msiikwangue ikiwa kavu. Iloweni kwanza, itoeni mzima mzima, ifungeni katika mfuko. Vumbi la asbesto likiingia katika mapafu linakaa kimya miaka ishirini au thelathini kabla ya kuleta ugonjwa, na wakati huo tajiri uliyemfanyia kazi hata hakukumbuki.

Sasa tuje katika msuguano. Chukueni krenki yenye upana wa milimita 90 pale sili inapokaa, nayo inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Pigeni hesabu, mtaona kwamba kila sekunde mita 14 za chuma zinapita chini ya mdomo wa sili. Kwa saa moja ni kilometa 50. Kwa hiyo motokaa ikitoka Nairobi mpaka Nakuru, mdomo ule mwembamba nao umesuguliwa zaidi ya kilometa 100 ukiwa umekaa mahali pamoja. Kinachouokoa ni utando wa mafuta mwembamba mno kati ya mpira na chuma. Msuguano ukizidi unaleta joto, joto linaufanya mpira kuwa mgumu kama ukwaju mkavu, kisha unapasuka, na mafuta yanatoka.

Ndiyo maana viwanda vilitafuta sili nyepesi. Wengine waliondoa springi wakaweka mdomo wa Teflon uliolala juu ya krenki. Wengine waliufanya mdomo wa mpira kuwa mwembamba na kuubadili umbo ili ubane kidogo tu. Ziko hata sili zilizotengenezwa Ulaya ambazo uso wake unaelea juu ya hewa nyembamba injini inapozunguka, bila kugusana na chuma. Kazi hii ni ya akili sana, na hatuidharau.

Lakini faida yake ni kiasi gani? Viwanda vyenyewe, katika matangazo yao, vinahesabu akiba ya sili hizi kwa gramu ya hewa ya kaboni inayotoka katika ekzosi. Vinasema motokaa itapunguza hadi gramu moja hivi kwa kila kilometa. Sisi tumeigeuza gramu hiyo kuwa petroli. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 hivi za hewa hiyo. Motokaa inayokula lita 8 katika kilometa 100 hutoa gramu 185 kila kilometa. Ukiondoa gramu moja umepunguza nusu ya sehemu moja katika mia. Mtu anayekwenda kilometa 20,000 kwa mwaka ataokoa lita 8 au 9. Hata matatu ya petroli inayokwenda kilometa 60,000 kwa mwaka haiokoi lita 30. Bei ya petroli inatangazwa kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hiyo zidisheni wenyewe, kisha linganisheni na malipo ya kushusha giaboksi.

Habari ya nguvu ndiyo ya kuchekesha zaidi. Kwa mwendo wa kawaida akiba hiyo haifiki sehemu ya kumi ya nguvu ya farasi mmoja. Hakuna dereva atakayeisikia akipanda mlima wa Limuru. Watu wa mashindano ya motokaa wanazitaka sili hizi kwa sababu kwao sehemu ya sekunde ni ushindi, nao injini yao inafunguliwa kila mara. Motokaa ya kupeleka watu kazini haishindani na mtu isipokuwa saa.

Mtauliza: ikiwa faida ni ndogo hivyo, mbona viwanda vya motokaa vinahangaika? Jibu lake liko katika sheria za Ulaya. Kule kila kampuni ya motokaa imewekewa kiwango cha hewa ya kaboni. Tangu mwaka 2019 kampuni ikizidisha kiwango chake inatozwa euro 95 kwa kila gramu iliyozidi, na kwa kila motokaa mpya iliyoandikishwa mwaka huo. Kampuni iliyouza motokaa milioni moja, ikizidi kwa gramu moja tu, inalipa euro milioni 95. Mnaona sasa. Gramu ile ile ambayo kwa mwenye motokaa ni vikombe vichache vya petroli, kwa tajiri wa kiwanda ni mali nyingi. Sili ilitengenezwa kwa hesabu yake, si kwa hesabu yetu, halafu mfanya biashara akaileta dukani na kuiuza kwa jina la nguvu.

Dereva anayetaka kupunguza petroli aanze na mambo ya bure. Magurudumu yakipungua upepo kwa pauni 5 yote manne, petroli inaongezeka kwa moja katika mia, yaani mara mbili ya kile ambacho sili ingeokoa. Mafuta ya injini yakiwa mazito kuliko yale yaliyoandikwa katika kitabu cha motokaa, hasara yaweza kuwa moja au mbili katika mia. Wako wanaotia mafuta mazito makusudi ili kuficha kuvuja, kisha wananunua sili nyepesi ili kuokoa petroli! Hata dawa zile za chupa za kuziba mafuta, kazi yake ni kuuvimbisha mpira tu. Zinafaa kumfikisha mtu nyumbani.

Hata hivyo hatusemi sili hizi ni bure kabisa. Motokaa nyingi zetu zinatoka Japani zikiwa zimekwisha kutumiwa miaka saba au minane, na sili zake zina umri huo huo. Ikiwa giaboksi imekwisha kushushwa kwa ajili ya klachi, basi ni upumbavu kuirudisha bila kutazama sili ya nyuma, na ikiwa kiwanda cha motokaa hiyo kiliweka ya Teflon, irudishwe ya Teflon. Sili njema haipati joto sana, haiikwangui krenki, hukaa miaka mingi. Faida hiyo ndiyo ya kweli, ya kutovuja, na dereva anayejua bei ya klachi iliyolowa mafuta ataielewa. Lakini kushusha giaboksi nzima, kazi ya siku nzima, eti kwa ajili ya lita 8 kwa mwaka, hiyo hapana.

Sasa tuwageukie mafundi, ambao ndio tuliowakusudia hasa.

Katika gereji moja, ambayo hatutaitaja, ndugu yetu mmoja alipewa kazi ya kubadili klachi pamoja na sili ya nyuma. Ni fundi wa miaka mingi. Stoo ikampa sili mkononi bila sanduku. Ndani ya sili mlikuwa na kikombe cha plastiki. Akakitoa akakitupa, kwani alidhani ni cha kulinda sili njiani. Akaupaka mdomo mafuta kama alivyofundishwa ujanani, akaichomeka, akafunga kila kitu vizuri. Baada ya wiki tatu motokaa ikarudi, klachi imelowa. Tajiri akasema kazi imeharibiwa, na gharama ya sili, klachi mpya na siku mbili za kazi zikaandikwa katika jina la ndugu huyu, zikatwe miezi minne.

Sisi wa kamati tulikwenda kutazama. Tuwaambieni ukweli, mwanzoni hata baadhi yetu tulidhani sili ilikuwa mbovu kutoka dukani. Haikuwa hivyo. Sili ilikuwa ya Teflon, na sili ya Teflon hutiwa kavu. Mdomo wake unapozunguka juu ya krenki kavu, Teflon kidogo inahamia katika chuma na kuacha ngozi laini sana, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia mafuta. Ukiipaka mafuta au grisi, ngozi haiwi. Na kile kikombe cha plastiki ndicho chombo cha kuivushia sili juu ya ncha ya krenki, ili mdomo usikunjike. Pasipo kikombe mdomo hukunjika upande mmoja, na mtu hauoni.

Kwa hiyo ndugu yetu alikosa. Hatukulificha jambo hilo mbele ya tajiri, na haifai kulificha. Lakini tuliuliza karatasi ya maelezo iko wapi. Ikapatikana stoo, ndani ya sanduku, katika lugha nne. Tukauliza kama gereji ilipata kuwafundisha mafundi juu ya sili za namna hii. Haikuwafundisha. Kisha mmoja wetu akafungua bomba la kupumulia injini, lile linalotoa mvuke wa ndani na kuurudisha upande wa hewa, akalikuta limezibwa na masizi. Injini isiyopumua inajaa upepo ndani, na upepo huo unayasukuma mafuta nje kupitia sili, hata iwe imetiwa na malaika. Jambo hilo halikuandikwa katika karatasi ya kazi, wala mwenye motokaa hakulipia litazamwe.

Hapo tukafungua sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameiharibu kwa ukaidi au kusudi lake. Tazameni neno hilo, kusudi. Kutojua hakuwi kusudi, hasa pale ambapo aliyetakiwa kukujulisha ameiweka karatasi stoo. Kifungu hicho hicho kinasema tena kwamba makato yote ya mtu kwa wakati mmoja yasizidi theluthi mbili za mshahara wake. Tajiri wengi hulisoma neno la theluthi mbili tu na kudhani ni ruhusa ya kukata. Lakini hicho ni kikomo tu, na sababu halali ya kukata lazima ipatikane kwanza.

Tulikutana naye mara tatu. Mara ya kwanza alikasirika. Mara ya pili alituambia kwamba mwenye motokaa hajui sheria ya ajira, anataka motokaa yake, na neno hilo lilikuwa na haki yake, kwani gereji nayo ilikwisha kupata hasara. Mara ya tatu tulikwenda na ofisa wa kazi. Fedha zilirudishwa mara mbili, na siku hizi stoo ya pale inatoa sili pamoja na sanduku lake na karatasi yake. Ndugu yetu hakuomba zaidi ya hapo.

Basi mafundi, mkipewa sili msiipokee uchi. Iombeni na sanduku. Ikiwa ina springi na mdomo wa mpira, ipakeni mafuta safi. Ikiwa mdomo wake ni mpana, laini, hauna springi, na ina kikombe cha plastiki, hiyo karibu kila mara ni Teflon, nayo itakiwe kavu, na krenki ipanguswe mpaka isiwe na mafuta hata kidogo. Viwanda vingine vinataka injini isiwashwe kwa saa kadhaa baada ya kuitia, nanyi mwandikieni msimamizi saa hizo katika karatasi ya kazi, asije akawaharakisha. Sili iingie sawasawa pande zote, isipigwe nyundo upande mmoja. Na krenki yenyewe msiisugue kwa msasa huku mkiuvuta kuja mbele, maana mistari yake itakuwa kama nyuzi za skrubu, na skrubu inayozunguka huyachota mafuta na kuyatoa nje. Tumeona krenki nzuri ikivuja kwa sababu hiyo peke yake, na sili tatu mpya zikalaumiwa moja baada ya moja. Ikiwa sili ya zamani imekwisha kuchimba mfereji katika chuma, waambieni mapema na iandikwe. Na bomba la kupumulia litazameni kila mara kabla ya kufunga.

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni la uhai. Mpira wa Viton ni salama mkononi ukiwa mzima. Lakini ukichomwa na moto mkali unaozidi digrii 300, kama motokaa ikiungua au kama mtu akitumia moto wa gesi kutoa sili iliyogandamana, unatoa asidi ya haidrofloriki. Mpira unabaki kuwa kitu cheusi kinachonata, na asidi hiyo inaweza kukaa ndani yake. Ikigusa ngozi huenda usisikie maumivu palepale. Yanakuja baada ya saa nyingi, nayo imekwisha kupita nyama inaelekea mfupa. Kwa hiyo msitumie moto kutoa sili. Motokaa iliyoungua isishikwe kwa mikono mitupu wala kwa glavu za kitambaa. Mtu akiguswa, aoshwe kwa maji mengi mara moja apelekwe hospitali, na anayempeleka amtajie daktari jina la asidi hiyo, maana dawa yake ni ya namna ya pekee na haifanani na ya kuungua kwa kawaida. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlazimu tajiri kuwapa maelezo, mafunzo na vifaa vya kujikinga. Gereji inayopokea motokaa zilizoungua isiyo na glavu zinazofaa, mjumbe wa chama atuletee habari kwa maandishi, aseme tarehe na kazi iliyofanywa.

Tukija tena tungependa kuwaonyesha kwa macho. Mwenye sili ya zamani iliyovuja asiitupe. Aifunge katika karatasi, aandike imetoka injini gani na ilikaa muda gani, aipeleke kwa mjumbe wake. Tutazikata mbele yenu, mtazame mdomo wa kila moja ulivyoliwa.